Wewe wa Nyumba Gani?

Tochi ilinipiga usoni kabla sijasikia sauti ya mtu. Ilikuwa saa tano na robo usiku. Daladala ilitufia njiani tukashushwa wote, bodaboda niliyemzoea hapokei simu, nikapata bajaji iliyonifikisha mwisho wa lami ikagoma kuingia kwenye makorongo. Nikasema basi, nitatembea, nyumbani si mbali. Hapo ndipo nikakutana na vijana wanne: mmoja ana jaketi la njano linalong'aa, mmoja ana filimbi shingoni, wawili wameshika virungu. Nikakumbatia mkoba.

"Shikamoo mama. Unaelekea wapi?"

"Marahaba wanangu. Nyumbani."

"Wewe wa nyumba gani?"

"Ile yenye geti jeusi, ukishalipita duka."

"Mageti meusi huku yamejaa, mama. Jirani yako nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi Goba miaka sita. Jirani wa kulia namjua kwa rangi ya gari lake, wa kushoto namjua kwa mlio wa jenereta. Majina sikuwa nayo, na nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni hajasoma. Yule wa filimbi akabadilisha swali: kuna mtu yeyote hapa anayekufahamu? Nikafikiri mpaka nikamtaja mama anayeuza vitumbua pale kona. Wakacheka. "Mama vitumbua anafahamu watu wote huyo." Lakini ilitosha. Wakanisindikiza hadi getini, wakasubiri niingize ufunguo (nadhani walitaka kuona kama utafungua kweli), wakaaga, wakaenda zao.

Nilikaa sebuleni na viatu mguuni kwa muda mrefu. Vijana wale walinitia hofu, na vijana wale wale ndio walionifikisha. Na mimi mwenye nyumba, mwenye risiti za kila mfuko wa saruji, ndiye niliyekuwa mtu asiyejulikana gizani.

Sikuzaliwa Goba. Nimezaliwa Manzese, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba umekulia Manzese huwa anakupa pole kwa macho. Na kweli, tuliibiwa. Tuliibiwa mpaka tukazoea. Wezi wa enzi zile walikuwa na upondo: mti mrefu uliofungwa ndoano ya waya kwenye ncha. Mwizi anachana wavu wa dirisha kwa wembe, taratibu, anaingiza upondo wake kati ya nondo na kuanza kuvua chumbani kama mtu aliyekaa ngalawani. Anavuta suruali iliyotundikwa msumarini, shuka kitini, redio ikiwa ina mkono wa kushikia. Asubuhi unakuta wavu una tundu la kupitisha ngumi, na suruali ya baba iko nje kwenye mfereji, mifuko imegeuzwa. Suruali waliiacha kwa sababu ilikuwa na kiraka. Baba alikasirika zaidi kwa hilo la kiraka kuliko kwa zile pesa.

Palikuwa na imani kwamba kabla ya kuvua wanakupulizia dawa ya usingizi. Kila nyumba ina ushahidi wake. "Mimi si mtu wa kulala hivyo, lazima walipuliza." Nimekua na kuona ni watu wangapi wa Manzese walifanya kazi za kubeba mizigo na kusukuma mikokoteni kutwa nzima, na siku hizi nadhani dawa ile ilikuwa uchovu tu.

Ajabu ni kwamba sikumbuki kuogopa. Usiku wa Manzese haukuwahi kunyamaza. Joto likizidi watu wanatoa mikeka wanalala barazani, muuza kahawa anapita na jiko lake la makaa, vikombe vinagongana, kibanda cha video kinapiga filamu ya mwisho, mtoto wa chumba cha tatu analia na nyumba nzima inajua anaumwa tumbo. Hata mwizi alikuwa na sura. Mara nyingi alikuwa mtoto wa mtu fulani, na asubuhi mama yake hutumwa ujumbe wa upole kwamba redio ikirudi hakuna maneno. Mara mbili redio ilirudi.

Na palikuwa na mjumbe wa nyumba kumi. Utaratibu huo TANU iliuweka miaka ya 1960, na vyama vingi vilipoingia mwaka 1992 ukabaki ndani ya CCM kama shina la chama, kazi za serikali zikahamia mtaani. Lakini kwetu, hata baada ya hapo, yule mzee aliendelea kuitwa mjumbe na kuheshimiwa kama mjumbe. Alikuwa na daftari kubwa la mistari. Mgeni akija kutoka bara, mwenyeji anatakiwa akamwandikishe: jina, ametokea wapi, amefikia kwa nani, atakaa siku ngapi. Majirani zetu Kenya waliliazima jina hilo hilo, Nyumba Kumi, mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, na nakumbuka nilicheka kidogo, maana wakati huo mimi mwenyewe sikuwa najua mjumbe wangu ni nani.

Sasa nisije nikaipaka Manzese asali. Kuna mchana mmoja, nikiwa darasa la sita, nilisikia ukelele wa mwizi. Kelele ile ukiikulia unaijua hata usingizini, ina mwendo wake, inaanza na mtu mmoja kisha inakuwa ya mtaa mzima. Tulikimbia kama watoto wote. Katikati ya watu alikaa kijana chini, ana ndala moja, nyingine imeshapotea, anajifunika kichwa kwa mikono miwili. Na watu walikuwa wanamuuliza, kati ya kipigo na kipigo, swali lile lile: wewe wa nyumba gani? Nani anakufahamu? Kijana anataja jina la mjomba ambalo hakuna aliyelijua, kwa sababu mjomba huyo mtaani aliitwa kwa jina la utani. Mjumbe alifika na daftari lake kwapani. Jina halikuwemo. Alikuwa amefika juzi yake kutoka Singida na mwenyeji wake hajapata nafasi ya kumpeleka kuandikishwa.

Hakufa. Walitokea kinamama wawili waliomwona akichota maji uani kwa huyo mjomba, wakapiga kelele kuzidi za wanaume. Jicho moja halikupona. Baba yangu alikuwepo pale, katika mduara wa mbele. Hakuwahi kutuambia alifanya nini, na hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza.

Magazeti yetu yana msemo, "wananchi wenye hasira kali". Umetumika mpaka hauna tena maana, kama vile hasira ni hali ya hewa inayopita yenyewe. Ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kwa miaka mingi zimekuwa zikihesabu vifo vya namna hiyo kwa mamia. Kwa hiyo nikisema nilikuwa salama Manzese kwa sababu nilijulikana, lazima niseme pia kwamba usalama ule ulikuwa wangu, haukuwa wa yule kijana wa ndala moja.

Dar es Salaam ya sensa ya 2012 ilikuwa na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja na ushee imeongezeka ndani ya miaka kumi, na waliowahi kutafuta kiwanja wanajua watu hao wamekwenda wapi: Chanika, Kivule, Chamazi, Kinyerezi, Bunju, na huku kwetu. Huku mtu hujenga ukuta kabla ya msingi. Nami nilifanya hivyo hivyo. Matofali kozi kumi na tatu, vipande vya chupa juu, kisha waya wa miba juu ya chupa, kisha nondo madirishani, kisha mlango wa chuma mbele ya mlango wa mbao. Fundi wangu, mtu mzima wa Kilwa asiyependa maneno mengi, alipomaliza kozi ya mwisho alishuka kwenye ngazi akatazama kazi yake akasema, "Mama, ukuta mrefu ni stara ya mwizi. Akishaingia hakuna atakayemwona." Nikamlipa nikaona ana wivu.

Alikuwa sahihi kuhusu usiku, angalau. Ndani ya ukuta kila sauti ni ya kwako peke yako. Paka juu ya bati. Embe la jirani likianguka. Mbwa wa mbali wakianza kubweka kwa zamu, ile hali ya mbweko kusogea nyumba kwa nyumba kama mtu anayetembea. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulipokuwa mkali ilikuwa shida zaidi, taa za nje zinazimika zote kwa pamoja na unasikia mtaa mzima ukivuta pumzi. Nimelala chini ya dirisha la wavu lililochanwa kwa wembe nikiwa mtoto na nikaota ndoto nzuri. Leo nina nondo za milimita kumi na mbili na naamka saa nane usiku kusikiliza embe.

Hofu ya mjini haitembei na uhalifu bega kwa bega. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jiji letu lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo Afrika kuingia kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa miji salama, na mwaka 2000 wakazi waliulizwa wamepatwa na nini. Kilichoongoza ni kuvunjiwa nyumba. Yaani kitu cha kimya, cha usiku, cha mali. Lakini ukiwauliza watu wanaogopa nini, hawakutajii mwizi wa redio. Wanakutajia kundi.

Nilikuwa Sinza siku ya Panya Road, lile kundi la vijana waporaji, Januari 2015. Kichwa changu kilikuwa na dawa ya nywele nusu, nusu bado. Mtu mmoja alipita mbio nje akisema wanakuja. Wa pili akapita. Wa tatu hakusema kitu, alikimbia tu. Msusi akashusha shata, tukabaki wanawake saba gizani na feni iliyokuwa inazunguka, kila mmoja na simu yake, na kila simu ina habari tofauti: wako Magomeni, wako Mwananyamala, wameshavuka Shekilango, wana mapanga, wako mia mbili. Dawa ilianza kuniunguza na hakuna aliyethubutu kwenda uani kuchota maji. Saa nzima. Tulipofungua, barabara ilikuwa tupu, viatu vya watu vimelala lami, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona Panya Road kwa macho yake. Vurugu zilikuwepo kweli jijini jioni ile, watu waliporwa, polisi wakakamata vijana kwa wingi siku zilizofuata. Lakini hofu ilifika Sinza mbele ya vijana wenyewe, na kwa wengi wetu ilifika peke yake. Nina kovu dogo nyuma ya sikio mpaka leo, la dawa ya nywele. Huwa nasema ni la Panya Road.

Mwaka 2022 haikuwa uvumi. Panya Road waliingia majumbani usiku, nyumba baada ya nyumba, na mapanga, pembezoni kama kule Chanika kwanza, na Septemba mwanafunzi wa chuo, binti mdogo, akauawa Kawe. Walikuwa wanatafuta simu na televisheni. Hilo ndilo lililonitisha, udogo wa walichokitaka. Polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa katika majibizano, na kwenye daladala niliyopanda asubuhi ile watu walishangilia. Konda alipiga bati mara mbili kama timu imefunga goli. Nilikaa nimeinamisha kichwa, na ukweli ni ukweli, nami nilijisikia nafuu.

Hapo ndipo ulinzi shirikishi ulipofufuliwa mitaani. Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Amos Makalla, aliuhimiza, lakini wazo ni la zamani. Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, kwa pinde na filimbi zao, na Mwalimu Nyerere akawaunga mkono. Baadaye IGP Said Mwema, aliyeshika jeshi la polisi mwaka 2006, akaja na polisi jamii. Mjini kimebaki kitu hicho hicho kilichovaa jaketi la njano: vijana, virungu, tochi, filimbi, na mchango wa kila kaya.

Kwenye mkutano wa mtaa uliojadili mchango huo, nilihudhuria mara moja tu na nikakaa nyuma. Mwanamume mmoja alisimama akauliza, kwa nini tuwalipe hawa, si ndio hao hao wanaokaa kijiweni kutwa? Watu wakaguna kwa kukubali. Mzee mwingine, bila kusimama, akamjibu: "Ndiyo maana tunawalipa." Kicheko kilikuwa kikubwa ila nafikiri mzee hakuwa anatania. Mtaa hauna akiba nyingine ya nguvu zaidi ya vijana wake wasio na kazi. Ukiwapa jaketi wanalinda. Usipowapa, unajenga kozi ya kumi na nne.

Nimegundua pia kwamba ramani ya hofu haifanani kati ya mume na mke wa nyumba moja. Muulize mwanamume wa huku kama mtaa ni salama, atakuambia hakuna shida kabisa. Muulize mkewe, atakuonyesha kwa kidole: lile pagale usipite baada ya magharibi, ile njia ya mkorosho pita ukiwa na mtu, pale kwenye daraja shika mkoba upande wa ukuta. Mapagale ndiyo ugonjwa wa huku. Mtu kajenga akafika kwenye lenta, pesa ikaisha, nyumba imebaki miaka mitano bila paa, na ndani yake kuna vichungi vya sigara na kitu unachokijua wewe mwenyewe.

Mdogo wangu ni muuguzi. Akiwa na zamu ya asubuhi hutoka saa kumi na nusu alfajiri, giza totoro. Simu kubwa anaiweka ndani ya nguo, mkononi anashika kiswaswadu, na nauli iko kwenye ngumi ili asifungue pochi. Kwenye simu hiyo kuna namba ameiandika "Boda Alfajiri". Ni kijana mmoja wa kijiweni anayemchukua getini na kumshusha kituoni, na haondoki mpaka gari lifike. Lakini wakwapuaji nao hutumia pikipiki. Wawili, wa nyuma ndiye anayenyosha mkono, na mkoba ukiwa umeuvaa begani unaburuzwa nao. Kwa hiyo mngurumo ule ule unaomtoa mdogo wangu jasho akiwa peke yake barabarani ndio anaousubiri kwa hamu nyuma ya geti. Nilimuuliza anautofautishaje. Akasema pikipiki ya kijana wake ina ekzosi iliyotoboka, anaisikia tangu kwenye mteremko. Kijana ameshataka kuitengeneza mara mbili, na mara mbili mdogo wangu amemwomba aiache.

Baada ya usiku ule wa tochi nilikwenda kwa mama vitumbua asubuhi, nikanunua vya elfu mbili ambavyo sikuvihitaji, nikamwomba anitajie majirani zangu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kumfundisha mtu mzima kunawa. Wa kulia, mwenye gari, ni baba mwenye mabinti watatu, mkubwa yuko Dodoma. Wa kushoto, wa jenereta, ni mama mjane mwenye mashine ya kupumulia, ndiyo maana jenereta huwaka kila umeme ukikatika. Miaka sita nilikuwa nalilaani lile jenereta. Mchango wangu wa ulinzi nikaulipa na wa miezi ya nyuma, na yule kijana wa filimbi akaniandikia risiti kwa kalamu niliyomwazima. Kalamu hakurudisha.

Wiki mbili zilizopita filimbi ililia saa nane usiku. Nilikuwa macho, kama kawaida. Ililia mara tatu, karibu, upande wa duka, kisha miguu ya watu wanaokimbia, kisha kimya. Manzese pangekuwa pameshajaa watu, wengine na mataulo kiunoni. Huku hakuna mlango hata mmoja uliofunguka. Nikatoka kwa mlango wa mbao, nikafungua wa chuma, nikavuka uwanja peku hadi getini na kusimama, funguo mkononi, sikio kwenye bati. Ndipo nikasikia, upande wa pili wa ukuta, getini kwa mjane, funguo nyingine zikitikisika.

"Jirani?" nikaita kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Unafungua?"

Akanyamaza kidogo.

"Wewe je?"